Je, mashine inaweza kuufunza ubongo wako kumakinika? Soma hapa kabla ya kutoa hela

KAMA wewe ni shabiki sugu wa kandanda, huenda bado unaikumbuka fainali ya Kombe la Carabao ya Februari 27, 2022 ugani Wembley. Liverpool na Chelsea walitoshana nguvu kwa dakika 120 bila bao. Ikaja mikwaju ya penalti. Wachezaji walipiga mmoja baada ya mwingine hadi zamu ikawafikia makipa wenyewe. Caoimhin Kelleher wa Liverpool akafunga. Kepa Arrizabalaga wa Chelsea akapaisha mpira juu ya mtambaa wa panya. Mambo yakaisha 11-10.

Kocha Jurgen Klopp alikuwa akifanya kazi na watu ambao mashabiki wengi hawakuwa wamewahi kuwasikia: kampuni ya Ujerumani iitwayo neuro11. Kazi yao ilikuwa kuwavisha wachezaji vitambuzi kichwani wakiwa mazoezini, kupima kinachoendelea kwenye ubongo wakijiandaa kupiga mipira iliyotulia, kisha kuwasaidia kuingia katika ile hali ya utulivu ambapo mguu unafanya kazi bila kichwa kuingilia. Mei 14 mwaka huo huo, timu hizo mbili zilikutana tena kwenye fainali ya Kombe la FA. Tena 0-0. Tena penalti. Tena Liverpool, mara hii 6-5. Baada ya mechi hiyo, Klopp akawashukuru.

Ukisikia hadithi kama hiyo, ni rahisi kujiuliza: kama ubongo wa mchezaji unaweza kufunzwa kutulia mbele ya mashabiki 80,000, mbona wangu usifunzwe utulie mbele ya karatasi ya mtihani? Au mbele ya jopo la mahojiano ya kazi?

Wafanyabiashara wamelisikia swali lako zamani. Leo mitandaoni kuna mikanda ya kichwani, apu na vifurushi vya mafunzo vinavyokuahidi umakini, kumbukumbu, usingizi mnono na hata alama bora, ati kwa kucheza na mawimbi ya ubongo wako tu. Jina la mafunzo hayo ni nyurofidibaki, yaani mrejesho wa mawimbi ya ubongo. Si uchawi, na si utapeli mtupu pia. Lakini kati ya kile sayansi imethibitisha na kile tangazo linachokuuzia kuna pengo kubwa. Hebu tulipime kabla hujafungua M-Pesa.

Inavyofanya kazi

Ubongo wako una takriban seli neva bilioni 86, na seli hizo huwasiliana kwa umeme na kemikali. Maelfu kwa maelfu ya seli zikitenda kwa mpigo mmoja, umeme wake huvuja kidogo hadi kwenye ngozi ya kichwa. Ukiweka vipande vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi juu ya ngozi hiyo, mashine ya EEG inaweza kuusoma na kuuchora kama mistari inayopanda na kushuka.

Umeme wenyewe ni hafifu ajabu. Betri ndogo ya rimoti ina volti 1.5. Wimbi la kawaida la ubongo linalopimwa juu ya ngozi ni kama mikrovolti 50, yaani sehemu moja kati ya 30,000 ya nguvu ya betri hiyo. Shika hilo akilini kwa sababu tutalirudia.

Wataalamu huyagawa mawimbi haya kulingana na kasi. Delta, yanayopiga chini ya mara 4 kwa sekunde, hutawala ukiwa katika usingizi mzito. Theta, mara 4 hadi 8, huonekana ukisinzia au mawazo yakizurura. Alfa, mara 8 hadi 12 hivi, hupanda ukifumba macho na kutulia. Beta, mara 13 hadi 30, huandamana na akili iliyo macho na inayoshughulika. Juu ya hapo kuna gama.

EEG si mashine ngeni hapa nchini. Hospitali huitumia kuchunguza kifafa, na kule Kilifi watafiti wa KEMRI-Wellcome wameitumia kwa miaka mingi kufuatilia watoto wenye kifafa na wale ambao malaria imewaathiri ubongo.

Nyurofidibaki inaongeza kitu kimoja tu: kioo. Badala ya daktari peke yake kuiona ile mistari, wewe mwenyewe unaonyeshwa papo hapo, ila kwa lugha rahisi. Unaketi, unavishwa elektrodi, unatazama gari likikimbia kwenye skrini. Wimbi linalotakiwa likipanda, gari linaongeza kasi. Likishuka, gari linazubaa. Hakuna anayekuambia ufanye nini hasa. Unajaribu hiki na kile hadi ubongo ujigundulie njia, kama ulivyojifunza kuendesha baiskeli bila kuelezwa fizikia yake.

Jambo moja usilichanganye: nyurofidibaki halisi husikiliza tu, haiingizi umeme kichwani. Vipo vifaa vingine ambavyo hupitisha umeme mdogo kwenye ubongo. Hiyo ni habari tofauti yenye hatari zake, kwa hivyo muuzaji akikuambia ni kitu kimoja, jua hajui anachouza.

Farasi, paka na mafuta ya roketi

Historia ya jambo hili inaanza na ajali. Miaka ya 1890, kijana Mjerumani aitwaye Hans Berger akiwa jeshini alianguka kutoka kwa farasi na nusura akanyagwe na gari la mzinga. Jioni hiyo akapokea telegramu kutoka nyumbani ikimuulizia hali. Dada yake alikuwa amepata hisia kwamba Hans yuko hatarini. Berger aliamini akili yake ilikuwa imetuma ujumbe hewani. Akaenda kusomea udaktari ili autafute huo umeme wa akili.

Hakupata simu ya roho. Lakini mnamo 1924, mjini Jena, alifanikiwa kurekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza, na mnamo 1929 akachapisha matokeo. Mwanzoni wenzake wengi walimpuuza. Ni hadi mtafiti Edgar Adrian wa Uingereza aliporudia jaribio hilo mnamo 1934 ndipo ulimwengu ulipokubali.

Hatua ya pili ilikuja Marekani. Joe Kamiya, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Chicago, aligundua kwamba mtu akiambiwa kila mara kama amekisia sawa au la, hujifunza kutambua ubongo wake ukiwa kwenye alfa. Baadaye, watu waliweza hata kuyaleta mawimbi hayo kwa hiari. Makala yake ya 1968 iliwasha moto. Mahipi wa enzi hizo waliikimbilia alfa kama njia ya mkato ya kufika kwenye amani ya moyo.

Karibu wakati huo huo, Barry Sterman wa UCLA alikuwa na paka. Aliwapa chakula kila ubongo wao ulipotoa wimbi fulani la mara 12 hadi 15 kwa sekunde, ambalo paka hulitoa akiwa ametulia tuli huku yuko macho. Paka wakajifunza kulitoa wapate mlo. Kisha Sterman akapewa kazi nyingine kabisa: kuchunguza madhara ya kemikali inayotumiwa katika mafuta ya roketi, ambayo husababisha degedege. Alipowapa paka sumu hiyo, wale waliokuwa wamepitia mafunzo walichelewa zaidi kupatwa na degedege kuliko wenzao.

Matokeo hayo ndiyo yaliyowafanya watu wakae kitako. Paka hasomi matangazo. Hana matumaini kwamba mashine itamsaidia. Mnamo 1972, Sterman na mwenzake wakaripoti kuhusu mwanamke mwenye kifafa ambaye mishtuko yake ilipungua baada ya mafunzo kama hayo. Miaka minne baadaye, Joel Lubar wa Chuo Kikuu cha Tennessee akaelekeza mbinu hiyo kwa watoto wasiotulia darasani. Biashara ikazaliwa.

Kutoka hospitalini hadi jukwaani

Hadi hapo lengo lilikuwa kutibu. Lakini kama kitu kinamsaidia mgonjwa, si kinaweza kumpa mzima makali zaidi?

Jaribio linalotajwa sana lilifanyika London. Mnamo 2003, Tobias Egner na John Gruzelier wa Imperial College walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo cha muziki cha Royal College of Music. Baadhi walifunzwa kupandisha theta juu ya alfa, hali ya kuwa karibu na usingizi bila kulala. Wengine walipewa mafunzo ya aina nyingine, yakiwemo mazoezi ya viungo. Wote wakapiga muziki, na majaji ambao hawakujua nani alifunzwa nini wakawapa alama. Kundi la theta na alfa liliimarika. Mengine hayakuonyesha mabadiliko kama hayo.

Si haba. Klabu nazo zikaingia. AC Milan walikuwa na chumba maalum cha akili katika kambi yao ya Milanello, chini ya mwanasaikolojia Bruno Demichelis, ambapo wachezaji waliketi kwenye viti vya starehe wakitazama mawimbi yao ya ubongo na mapigo ya moyo. Carlo Ancelotti alipohamia Chelsea mnamo 2009, Demichelis alimfuata.

Kwa hivyo ukikutana na tangazo linalosema mbinu hii imetumiwa na wanamuziki na wanasoka wa hadhi, tangazo halidanganyi. Shida ni kile ambacho halisemi.

Jaribio lililopoza shangwe

Tuseme umejiunga na mafunzo. Umelipa. Umeenda kwenye kliniki mara 30. Kila mara umezima simu, umeketi kimya, na mtu mpole mwenye koti jeupe amekuhimiza. Baada ya miezi mitatu unajihisi mtulivu zaidi. Ni nini kilichokusaidia: mawimbi, au hayo mengine yote?

Njia ya kujua ni moja. Chukua watu wengi, uwagawe kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lioneshwe mawimbi yake lenyewe. Kundi la pili livishwe elektrodi zile zile, likae kwenye kiti kile kile, litazame mchezo ule ule, ila mrejesho unaokuja kwenye skrini usiwe wa ubongo wao. Uwe wa bandia. Anayefunzwa asijue, anayefunza asijue. Kisha pima.

Watafiti nchini Marekani walifanya hivyo kwa watoto zaidi ya 140 wa umri wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD, ile hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kumakinika. Kila mmoja alipangiwa vipindi 38. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021. Watoto waliopata mafunzo halisi waliimarika, tena vizuri tu. Lakini waliopata mafunzo bandia nao waliimarika, karibu kwa kiasi kile kile. Watafiti waliwafuatilia kwa miezi 13 na hali ikabaki hivyo: hakuna tofauti ya maana kati ya makundi kwenye kipimo kikuu, umakini.

Usingizi je? Manuel Schabus na wenzake wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, waliwapa watu wenye tatizo la kukosa usingizi mafunzo halisi na ya bandia kwa vipindi tofauti. Utafiti wao wa 2017 ulipata kwamba watu walisema wanalala vizuri zaidi baada ya mafunzo yoyote kati ya hayo mawili. Mashine iliyopima usingizi wenyewe usiku haikuona mabadiliko.

Usiyasome matokeo haya vibaya. Hayasemi kwamba watu wanajifanya kuwa wamepata nafuu. Walipata. Yanasema tu kwamba, katika majaribio hayo, kilichowapa nafuu hakikuwa kile walichodhani wanalipia. Robert Thibault na Amir Raz, waliokuwa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, wameandika kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya nyurofidibaki inatokana na saikolojia: matarajio, bidii, mashine ya kupendeza, uangalizi wa mtu anayekujali, na ile nidhamu ya kukaa tuli mara kwa mara.

Turudi Wembley basi. Liverpool walifunga penalti 11 kati ya 11. Ni rahisi kusema ni vitambuzi. Lakini Chelsea nao walifunga 10 kati ya 11, na aliyekosa ni kipa, mtu ambaye kazi yake ni kudaka. Tofauti ya mkwaju mmoja haiwezi kukuambia ikiwa ni ubongo, ni mazoezi, ni kipaji au ni bahati. Isitoshe, wachezaji waliofanyiwa vipimo hivyo walikuwa pia wamepiga mipira mingi mazoezini wakiwa na wataalamu pembeni. Hilo peke yake linaweza kuleta mabadiliko.

Nywele zako na mashine yao

Hayo yote yametokea kwenye maabara na kliniki zenye mashine za bei ghali. Sasa fikiria mkanda wa kichwani unaouzwa mtandaoni ukiwa na elektrodi chache tu.

Kumbuka umeme wa ubongo ni hafifu kiasi gani. Ukipepesa jicho, huzuka umeme mkubwa kuliko wimbi unalolitafuta. Ukiuma meno, ukikunja uso, ukigeuza shingo, hali ni ile ile. Mashine duni inaweza kukupa alama za juu za umakini eti kwa sababu umekunja paji la uso. Unadhani unafunza ubongo, kumbe unafunza nyusi.

Kisha kuna suala ambalo matangazo hayaligusi kabisa: nywele. Elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa. Vifaa vingi viliundwa vikiwafikiria watu wenye nywele laini zilizonyooka. Ukiwa na afro, rasta au umesukwa, elektrodi huning'inia juu ya nywele na kupima hewa. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alishirikiana na wahandisi kubuni elektrodi zinazojishikiza katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa. Suluhu ilikuwa kwenye mtindo ambao msusi yeyote wa mtaani kwenu anaujua: suka mistari iliyonyooka, ngozi ionekane, kitambuzi kikae hapo.

Kwa hivyo kabla ya kununua mkanda wowote, jiulize: umejaribiwa kwenye kichwa kama changu? Ile inayokaa kwenye paji la uso pekee hukwepa nywele, lakini paji la uso ndiko misuli ya macho na nyusi inakopiga kelele zaidi.

Hesabu ya mfuko

Mikanda ya nyumbani yenye majina huuzwa kati ya dola 200 na 500. Kwa Sh130 kwa dola, hiyo ni Sh26,000 hadi Sh65,000, kabla ya kuongeza usafiri na ushuru. Baadhi ya apu zake hudai malipo ya kila mwezi au mwaka juu ya hapo.

Kwenye kliniki za ng'ambo, kipindi kimoja mara nyingi hugharimu dola 100 au zaidi, na wateja huambiwa waende mara 20 hadi 40. Piga hesabu ya vipindi 30: dola 3,000, karibu Sh390,000. Hapo kuna karo ya mihula kadhaa, au mtaji wa biashara, au kodi ya nyumba ya mwaka mzima na chenji ya kununua kitanda.

Na usidhani kampuni kubwa hazitii chumvi. Mnamo 2016, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni iliyounda Lumosity, apu maarufu ya michezo ya kunoa akili. Tume ilisema kampuni hiyo iliwahadaa wateja kwa kudai michezo yake ingeboresha matokeo shuleni na kazini bila ushahidi wa kutosha. Ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza kesi. Lumosity haikuwa inapima mawimbi, lakini ahadi zilikuwa zile zile unazozisoma leo kwenye matangazo ya mikanda.

Nani anayeisoma akili yako?

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti: data. Mkanda unarekodi ubongo wako, apu inatuma rekodi hiyo kwenye seva, na seva iko mikononi mwa mtu usiyemjua.

Mwaka wa 2019, picha kutoka shule moja ya msingi mjini Jinhua, Uchina, zilizua ghadhabu. Wanafunzi walikuwa wamevishwa mikanda iliyowaka taa za rangi tofauti kuonyesha nani amemakinika na nani hana habari. Ripoti zilimfikia mwalimu, na wazazi pia. Kelele zilipozidi, serikali ya eneo hilo ikaamuru mikanda isitishwe. Hebu jifikirie uko darasani, mawazo yamekutoroka kidogo kwa sababu mambo nyumbani si mazuri, na taa kichwani inawatangazia wote.

Chile imeenda hatua mbele. Mnamo 2021 ilibadilisha katiba yake ili kulinda shughuli za ubongo wa raia. Mnamo Agosti 2023, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiamuru kampuni ya Emotiv ifute data ya ubongo wa aliyekuwa seneta Guido Girardi, aliyekuwa amenunua mkanda wake.

Huku kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, na kuomba irekebishwe au ifutwe, na kuna ofisi ya kamishna unakoweza kulalamika. Lakini sheria haitakusaidia sana ikiwa ulibofya "nakubali" bila kusoma na kampuni yenyewe iko upande wa pili wa dunia.

Bado unataka kujaribu? Uliza maswali haya

Huenda una sababu zako. Huenda umejaribu mengine na hela unayo. Sawa. Lakini usitoe hata shilingi kabla ya kupata majibu haya:

1. Ushahidi uko wapi, na ulilinganishwa na mafunzo bandia? Ushuhuda wa wateja wenye furaha si ushahidi. Umeona hata waliopata bandia walivyofurahi.

2. Ni wimbi gani tunalilenga, na kwa nini? Anayekujibu kwamba "tunasawazisha ubongo wote" hajakujibu.

3. Nani ataniongoza? Kama ni daktari, tafuta jina lake kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC. Kama ni mshauri nasaha au mwanasaikolojia, uliza kuhusu usajili wake na bodi ya taaluma hiyo.

4. Tutapimaje kama nimeimarika? Kipimo kiwe cha maisha yako, kama vile alama, muda unaosoma bila kushika simu, au saa unazolala. Alama za ndani ya apu hazitoshi.

5. Data yangu inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nitaifutaje?

6. Nikitaka kuacha baada ya vipindi vitano, hela yangu inarudi?

Na kama una kifafa, unatumia dawa za akili, au umekuwa ukihisi huzuni isiyoisha, anza na daktari. Kuna walioripoti kuumwa na kichwa, uchovu na hasira baada ya vipindi. Zaidi ya hayo, kukosa umakini huwa wakati mwingine ni dalili ya kitu kingine kabisa: msongo wa mawazo, upungufu wa damu, macho yanayohitaji miwani. Mkanda hautakuambia hayo.

Chukua wazo, acha bei

Ukiondoa elektrodi, skrini na koti jeupe, nyurofidibaki inabaki na wazo moja zuri: mtu hujifunza haraka akionyeshwa papo hapo anavyofanya. Wazo hilo halina hati miliki, na lina ushahidi thabiti hata bila waya kichwani.

Mnamo 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena na tena. Jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena na tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61. Wale wengine asilimia 40. Kujipima ni kioo. Kinakuonyesha ulichoshika na ulichodhani umeshika. Bei yake ni karatasi na kalamu.

Wiki hii fanya hivi. Soma ukurasa mmoja wa noti, funga kitabu, andika yote unayokumbuka, kisha fungua ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho kutwa. Ukiwa na mahojiano ya kazi, jirekodi kwa simu ukijibu maswali, halafu ujitazame bila huruma. Ukicheza mpira, piga penalti 20 ukiwa umechoka, wenzako wakikuzomea, na uandike umefunga ngapi. Baada ya mwezi utakuwa na takwimu zako mwenyewe, na hakuna kampuni itakayoziuza.

Halafu lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji nane hadi kumi. Ukikesha siku tatu mfululizo ukisomea CAT halafu ukanunue mkanda wa kukuambia ubongo umechoka, hiyo ni kumlipa mtu akusomee barua uliyoiandika mwenyewe.

Sayansi ya mawimbi ya ubongo haijafika mwisho. Watafiti wanaendelea kujaribu mbinu mpya, na pengine siku moja kutakuwa na mafunzo yatakayoushinda ule mrejesho wa bandia kwa mbali. Yakifika, tutayaandika hapa. Kwa sasa, ukiletewa mkanda unaodai utakufanya nambari moja darasani, muulize muuzaji swali moja tu: wale waliovishwa mkanda uliozimwa walipata alama ngapi?